Bi Kule, Mke Mwenzangu

Mume wangu aliniletea mke mwenza mwaka alipojiandikisha kwenye mafunzo. Sikumwona kwa macho. Sikusikia marashi yake kwenye shati, wala sikukuta unywele mgeni begani, na kwa unywele hunidanganyi, ndiyo kazi yangu. Nilimsikia tu mezani. Nimepakua chakula, bwana ameshika kijiko, mara kijiko kikasimama hewani.

"Unajua kule," akasema, "mama akishajifungua, wala hawamwachi..."

"Kula, kinapoa," nikamwambia.

Akala, lakini macho hayakuwa kwenye sahani. Macho yale nayajua. Alikuwa nayo zamani, enzi zile alipokuwa akija saluni kila Jumamosi, akijidai amemsindikiza dada yake kusukwa. Dada yake wakati huo alikuwa amenyoa.

Niwaeleze kwanza mafunzo yenyewe. Madaktari hawaruhusiwi kukaa na elimu ileile waliyotoka nayo chuoni. Kila mwaka lazima wasome kitu, la sivyo leseni haihuishwi. Miaka mingine mume wangu alisoma mambo ya maana: dawa mpya za shinikizo la damu, namna ya kushona kidonda kisiache kovu baya. Mwaka ule akachagua kulinganisha huduma za afya za nchi mbalimbali. Kila Jumamosi mchana madaktari wazima, wenye mvi na vitambi, walijifungia kwenye ukumbi wa hospitali kuambiwa kwamba nchi fulani watu wanakatwa kodi halafu wanatibiwa bila kulipa, ila goti likikuuma utasubiri foleni mpaka ulizoee. Nchi nyingine wanakuuliza kadi ya bima kabla ya kukuuliza unaumwa nini. Nyingine kila mtu ana daktari wake tangu utotoni, anayemjua yeye na bibi yake.

Mkufunzi wao alikuwa mama mmoja, daktari mstaafu, mwenye sauti ya kunyamazisha soko. Alikuwa na sharti moja: asiletewe takwimu. Chukua mgonjwa mmoja, alisema, mwenye ugonjwa mmoja, umpitishe nchi hadi nchi, mlango kwa mlango, uniambie nani alimpokea na nani alimsindikiza. Mwisho umrudishe nyumbani, hapa kwetu, tuone.

Mume wangu alipenda sharti lile mpaka akalileta nyumbani, na mgonjwa wa mazoezi nikawa mimi. Nilikohoa jikoni, yeye akaanza. "Ungekuwa nchi ya kodi, ungepiga simu wakakuambia unywe maji mengi upumzike. Nchi ya bima wangekupiga picha ya kifua mbele na nyuma."

"Na hapa?"

"Hapa una mimi."

Nilicheka. Hizo zilikuwa wiki za mwanzo, kabla hawajafika kwenye somo la Bi Kule.

Bi Kule ni jina nililompa mwenyewe. Nchi ina jina lake kwenye ramani, lakini sikutaka litamkwe nyumbani kwangu, na mume wangu naye kama vile aliona haya kulitaja, akawa anasema "kule" tu. Kule hivi, kule vile. Kule wauguzi wanakwenda kwa baiskeli hata kwenye mvua. Kule mkunga anamjua mpaka paka wa mgonjwa wake. Alipofika kwa mkunga, sikumwacha amalize. Nilimtuma maji, nilimtuma chumvi, nilimuuliza habari za bomba la bafuni. Habari za kuzaa sizipendi mezani, na mwanamke anayesifiwa mbele yangu ndani ya nyumba yangu simpendi popote, hata kama mwanamke huyo ni nchi nzima yenye bendera na wimbo wa taifa.

Na mume wangu si mtu wa kupenda hovyo. Muulize yeyote. Ni daktari wa kawaida wa hospitali ya kawaida, anatembea mikono nyuma, anasalimia mpaka mbwa wa jirani. Ukimsifu anaangalia viatu vyake. Ananawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kula karanga. Ana mambo yake machache ya ajabu ambayo nilishayazoea. Moja, mteja akija saluni na mtoto mchanga, na yeye akawa anapita, hamsalimii mama mtu. Anamchukua kwanza mtoto, anamtoa mpaka mlangoni penye mwanga, anamtazama kama mnunuzi anayekagua rangi ya kitambaa, ndipo anamrudisha na kusema hujambo. Wateja wanasema Daktari anapenda watoto. La pili ni taa. Nyumba yetu nzima ina taa nyeupe, kali, mpaka chumbani. Alizibadilisha mwenyewe miaka mingi iliyopita, na balbu ikiungua hatulali mpaka ameleta nyingine nyeupe. Dada yake, wifi yangu, akija kwetu hakubali kujitazama kwenye kioo. Anasema anajiona maiti.

Tuna mtoto mmoja, kijana wetu, yuko shule ya bweni, na kwa ajili yake mimi humwita mume wangu Baba Kijana. Kwa haki angeitwa kwa jina la binti, maana binti ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Yule alikaa duniani siku chache, akaondoka. Tangu hapo jina lake hatulitaji. Hatukukaa kikao tukakubaliana. Tulizoea tu, kama watu wa nyumba moja wanavyozoea kuiruka ngazi iliyovunjika.

Basi wivu ukanishika. Wivu wa mtu unajua pa kuuelekeza. Utamvizia, utamtukana, utamchunguza nywele zake kama ni zake. Wa nchi unaupeleka wapi? Nilimsikia Baba Kijana bafuni akijisemea maneno ya lugha ya kule, akijifunza kusalimia, nikapiga mlango kwa kandambili. Nilimkuta sebuleni akitazama kwenye kompyuta barabara za kule, safi, zimenyooka, na baiskeli zimeegeshwa kama vijiko kwenye droo. Akajisogeza nikae. Nikasema nina kazi.

Siku moja nilikuwa namchana mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akalalamika kwamba mkono wangu leo mzito.

"Nina mke mwenza, mwalimu," nikamjibu.

Nilitania. Lakini saluni ni saluni. Kabla sijafunga duka mtaa mzima ulishajua kwamba Daktari ana mwanamke, ni mgeni, anaendesha baiskeli, na wamekwishapanga nyumba. Kesho yake asubuhi wifi akaingia saluni bila kubisha hodi, kitambaa amekifunga kiunoni.

"Wifi, nimesikia. Yuko wapi huyo nikamvue wigi?"

"Yuko ng'ambo."

"Ng'ambo ya mto?"

"Ng'ambo kabisa. Ni nchi, wifi. Ndugu yako amependa nchi."

Wifi akakifungua kile kitambaa taratibu, akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele. "Yaani umenitoa kwangu sijanywa chai, kumbe unaionea wivu nchi?"

"Inapendwa kuliko mimi."

"Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda," akasema. Kisha akanitazama nyonga. "Ingawa kwako naona bado haujaanza kazi."

Nilimrushia taulo. Tulicheka, lakini yeye ndiye aliyecheka kwa moyo. Mimi nilikuwa nacheka huku nasikiliza kama simu ya Baba Kijana italia ndani ya nyumba, nyuma ya saluni, alikoisahau.

Jioni ileile nikajua kwamba sikuwa mjinga. Alikuja amevaa uso wa kuleta habari, akakaa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa tena.

"Mafunzo yanakaribia mwisho," akasema. "Kila mmoja atasimama na mgonjwa wake. Atakayelinganisha vizuri kuliko wote atapelekwa akakae mwaka mmoja, ajifunze kwa vitendo."

"Akakae wapi?"

Akaangalia vidole vyake vilivyolowa maji.

"Kule," nikasema mwenyewe.

"Kule."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Sijasema nakuacha. Sijashinda hata hilo shindano."

"Mwaka mzima utalala kwa nani?"

"Kuna hosteli ya wauguzi."

"Ala!"

Alitaka kucheka, akaona sicheki, naye akaacha. Akasema, "Nakuomba uje siku hiyo. Wake na waume wanakaribishwa. Kuna jambo nimejaribu kulisema hapa mezani, limenishinda."

Nikaondoa sahani kabla hajamaliza kula. Nilijua jambo lenyewe. Mwanamume akitaka kukuaga huwa anatafuta mahali penye watu ili usipige kelele. Nilikuwa nimemjenga mtu yule. Nilimfulia makoti meupe tangu akiwa mwanafunzi, nilimsubiri zamu ngapi, halafu aje achukuliwe na mwenye barabara zilizonyooka! Niliapa kwamba nitakwenda, na akitamka tu neno la kuaga nitasimama katikati ya madaktari wake niwape ugonjwa wa kulinganisha nchi zote.

Siku ya siku nilijiseti nywele kwa muda mrefu kuliko ninavyomseti bibi harusi. Nilivaa gauni la buluu na viatu vinavyoniumiza. Wifi alinisindikiza, alisema hawezi kukosa. Tulikaa safu ya nyuma ukumbini, karibu na mlango, feni juu yetu inalia kwi kwi. Wifi akafungua pipi.

Daktari wa kwanza alisimama na mzee mwenye goti bovu. Akampitisha nchi ya kodi, mzee akasubiri mpaka watu wakacheka. Wa pili alikuwa na dereva aliyevunjika mguu akiwa hana kadi ya bima, na jinsi alivyohamishwa hospitali hadi hospitali akiwa kwenye machela. Mkufunzi alikaa mbele, miwani puani, akiuliza kila mara, "Nani alimpokea? Nani alimsindikiza?" Wote walisema vizuri. Nikaanza kuomba kimoyomoyo kwamba mwenye goti ashinde.

Ndipo akaitwa mume wangu. Alikwenda mikono nyuma, akasimama kando ya ukuta wa kuonyeshea picha, na hakuwasha picha yoyote.

"Mgonjwa wangu ni mtoto mchanga," akasema. "Wa kike. Amezaliwa salama, amelia vizuri, ananyonya. Kesho yake yeye na mama yake wameruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya tatu, macho yake yanaanza kugeuka manjano."

Wifi aliacha kumung'unya pipi. Mkono wake ukanitafuta pajani, ukanishika.

Baba Kijana akaendelea kwa sauti yake ileile ya kusomea vyeti vya dawa. Alisema watoto wengi hupata manjano kidogo na hupona wenyewe, lakini wachache yanawapanda mpaka kwenye ubongo, na kazi nzima ni kuwajua hao wachache mapema. Nchi ya bima, akasema, mama ameambiwa tarehe ya kumrudisha mtoto kliniki. Mwenye kadi anakwenda, mtoto anatobolewa kisigino, damu inapimwa. Asiye na kadi anajishauri kwanza. Nchi ya kodi, muuguzi anapiga simu, na akisikia mashaka anakuja.

"Kule," akasema, nikasikia lile neno kama siku zote, likanichoma kama siku zote, "mkunga anakuja kila siku wiki ya kwanza. Haji kwa kuwa kuna tatizo. Anakuja kwa sababu mtoto amezaliwa. Anamchukua mtoto, anamsogeza dirishani, anafungua pazia. Anamgusa pua kwa kidole, anatazama ngozi inavyorudi. Anamfungua macho. Kabla ya adhuhuri mtoto amelazwa chini ya taa maalumu hospitalini, na mama yake amekaa karibu naye. Baada ya siku chache wako nyumbani. Mtoto anakua."

Feni ikaendelea kulia.

"Vizuri," mkufunzi akasema. "Sasa mrudishe hapa kwetu. Nani alimpokea?"

"Hapa kwetu alipokewa na daktari."

Watu wakajisogeza vitini, mmoja akasema tena afadhali.

"Baba yake alikuwa daktari," akasema mume wangu. "Alitoka zamu jioni, amechoka. Mama mtoto akamwambia, naona macho ya mtoto kama yamebadilika. Akamnyanyua mtoto akamtazama chini ya balbu ya chumbani. Ilikuwa balbu ya njano. Chini yake kila kitu kilikuwa cha njano, ukuta, shuka, mpaka mikono yake mwenyewe, kwa hiyo hakuona tofauti. Akamwambia mama, ni taa tu, yuko sawa. Mtoto wa mtu mwingine angeagiza aletwe asubuhi penye mwanga. Huyu alikuwa wake, akamtazama kama baba. Kesho yake akaondoka kabla jua halijatoka. Aliporudi, mtoto alikuwa ameacha kunyonya."

Mkufunzi alivua miwani. Sauti yake ya kunyamazisha soko ilikuwa imeshuka. "Na yule daktari? Alifanya nini?"

"Alibadilisha taa," mume wangu akasema, akarudi kukaa.

Wanasema mganga hajigangi. Nilikuwa nimeusikia msemo ule mara nyingi, hata kuutania, lakini siku ile ulikuwa unasema habari za nyumba yangu. Nilikumbuka maneno yangu mwenyewe, yale ya "naona macho kama yamebadilika", nilivyoyasema nimekaa kitandani, mtoto yuko mikononi. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyebaki nayo. Nilidhani yeye amesahau, kwa kuwa alikwenda kazini, akarudi, akala, akaishi. Na kumbe kwa miaka yote ile alikuwa akinihubiria chumbani kwa balbu, nami nikilalamika kwamba zinaumiza macho.

Wifi alikuwa analia waziwazi, pipi bado mdomoni. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa na wivu ndani yake, lakini wivu ulikuwa umehama. Habari ya mume ilikuwa imekwisha. Mume alikuwa wangu, hakuna nchi ambayo ingempata. Sasa nilikuwa namwonea Bi Kule wivu wa lile dirisha. Nilimwonea wivu wa pazia linalofunguliwa na mtu mwingine wakati wewe umelala umechoka. Wanawake wangapi wa kule wana binti wa umri wa binti yangu, wanagombana naye asubuhi hii kwa sababu hataki kuchana nywele? Wangeniletea mimi, ningemsuka bila kumwumiza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, viatu nimevishika mkononi. Wifi alitangulia mbele ili asisikie, ingawa alikuwa anatembea polepole ili asikie.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza Baba Kijana.

"Nilianza kukuambia mara nyingi. Ulikuwa unaniambia nile."

"Ungesema hata mdomo ukiwa umejaa."

Tukapita duka la dawa. "Wamenichagua," akasema. "Lakini sikulisema ili wanichague. Kama hutaki niende, siendi."

Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima ya kumzuia. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha saluni. "Nani amesema sitaki?" nikamwambia. "Nenda. Nenda kamwibie huyo mwanamke mkunga wake. Mwangalie anavyogonga mlango, anavyomshika mtoto, anapita saa ngapi, baiskeli yake anaiegesha wapi. Uje nayo yote hapa, nyumba kwa nyumba. Ukirudi mikono mitupu utalala hukohuko hosteli ya wauguzi."

"Ndiyo, mama," akasema, akaangalia viatu vyake.

Akalisema jioni ile, tulipokuwa tunafungua mlango. Alilitaja jina la binti yetu, mara moja, kama mtu anayejaribu kama ngazi itamshika. Nami nikalitaja.

Ameondoka sasa, na ananipigia simu mchana, wakati saluni imejaa, kwa sababu huko ndipo anapokuwa amemaliza mzunguko wa asubuhi na mkunga. Naweka simu kwenye kabati la rola, naiacha iseme kwa sauti, kila mtu asikie. Simuulizi kama amekula. Namuuliza, "Leo mmetazama macho ya nani?" Ananieleza. Wateja wameshawajua watoto wa kule mmoja mmoja, wanauliza hali zao. Mwalimu anasema atakaporudi, hospitali ikubali isikubali, wao wanawake wa mtaa watamzungusha wenyewe nyumba kwa nyumba.

Juzi alipiga akiwa na furaha mpaka maneno yanagongana. "Tumempata mmoja!" akasema. "Wa kike. Siku ya tatu. Mkunga amemsogeza dirishani, nami nikaona kabla hajasema. Ameshalazwa chini ya taa, daktari anasema hatari imepita."

Saluni ikapiga makofi. Wifi, aliyekuwa chini ya draya na rola kichwani, akapiga vigelegele.

"Na mama yake?" nikauliza. "Mama yake anasemaje?"

Akacheka. "Mama yake? Alitununia. Aliposikia kengele alifungua mlango akasema, ninyi tena! Jana mmeniamsha, leo mmeniamsha, hivi mtu hawezi kuzaa akalala?"

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kitana na fungu la nywele za mtu. Nilimwona mwanamke yule waziwazi, usingizi umemjaa machoni, vifungo vya gauni amevikosea, amenuna mlangoni kwake kwa sababu amegongewa. Katika maisha yangu nimewaonea wivu wanawake wengi, wazuri, wenye vyao, wenye waume wapole. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule.

Nikamwambia Baba Kijana mtandao unasumbua, nikakata simu, nikaendelea kusuka.